Shika Pembe, Nami Nishike

Kwa miaka ishirini na sita alifua mashuka ya hospitali, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Dobi, wajukuu zake wakiwemo. Mumewe, fundi saa, ndiye pekee aliyemwita mke wangu, na hilo nalo alilikumbuka pale tu alipotaka kitu.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na tangi la maji. Ndani mlikuwa na mashine tatu, moja mbovu tangu siku ilipoletwa, na meza ndefu ya bati iliyozungukwa na mvuke asubuhi hadi alasiri. Kufua hakukuwa shida. Shida ilikuwa kukunja. Shuka la hospitali ni refu na zito, halikunjwi na mtu mmoja. Wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja ameshika pembe mbili, wanavuta, wanakunja, wanageuza, wanasogeleana, wanakunja tena. Mmoja akivuta mapema, shuka linamponyoka mwenzake, linaanguka sakafuni, linarudi kwenye mashine. Siku moja, mwaka wake wa tatu kazini, Dobi alipewa mwenzake mgeni ambaye mikono yake haikusikilizana na ya mtu yeyote. Mashuka tisa yalikuwa yameshaanguka kabla ya chai. La kumi lilipofika mezani, wimbo ukamtoka Dobi mdomoni, wenyewe tu:

*Shika pembe, nami nishike,*
*Vuta kwako, nivute kwangu,*
*Kunja, kunja, geuza, kunja,*
*Bwana Mkubwa anakuja.*

La kumi halikuanguka. Kuanzia siku hiyo kila mgeni alifundishwa wimbo kwanza, mashuka baadaye.

Mstari wa mwisho nao ulikuwa na kazi yake. Bwana Mkubwa alikuwa msimamizi wao, mtu wa kalamu tatu mfukoni, aliyependa kutokea ghafla mlangoni. Aliyekaa karibu na dirisha akimwona anavuka uwanja, aliuimba mstari huo kwa nguvu, na waliokuwa wamejilaza juu ya marundo ya mashuka machafu wakainuka. Kulikuwa na ubeti wa pili. Huo ulihusu viatu vyake, vilivyolia kama bata, na tumbo lake, lililofika mlangoni kabla yake, na hautaandikwa hapa.

Wauguzi waliokuja kuchukua mashuka waliondoka na wimbo pia. Mmoja aliwaimbia watoto wodini ili wakae kitako wakati wa sindano. Watoto walipona, wakaenda nao majumbani na shuleni. Dobi hakulijua hilo, wala hakulifuatilia. Alikuwa na mashuka mia tatu kwa siku.

Alipostaafu alibaki nyumbani akiimba, huku mumewe akiwa ameinama kwenye meza yake dirishani, lenzi jichoni.

“Mke wangu,” fundi saa alisema siku moja, “nakuomba ujiunge na kwaya. Unaimba mpaka saa za watu zinapoteza majira.”

Kwaya ya mtaa ilikuwa ikikutana ukumbini kila Jumamosi alasiri. Haikuwa ya dini wala ya chama. Ilikuwa ya watu ishirini na wawili waliotaka kuimba, na viti vya plastiki thelathini, kwa matumaini. Dobi aliingia, akasalimia, na aliyekuwa amekaa kwenye meza ya mbele, yenye kitambaa cheupe kinachofika chini, ni nani? Bwana Mkubwa. Naye alikuwa amestaafu, na kwa kuwa mtu aliyezoea kusimamia hawezi kukaa bila cha kusimamia, alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Kalamu zilikuwa bado tatu.

“Sura yako si ngeni,” Mwenyekiti alisema.

“Nilikuwa kwenye kufulia, bwana.”

“Aaa, kufulia! Enzi zangu kulikuwa na nidhamu kule.”

“Ilikuwepo, bwana,” Dobi alisema. “Hasa ulipokuwa unakuja.”

Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mpole mwenye diploma ya muziki na shati lililonyooshwa vizuri, kiasi cha kumfurahisha Dobi kitaaluma. Imani yake yote ilikuwa kwenye karatasi. Kila Jumamosi aligawa nakala za noti, akabonyeza kinanda, akasema, “Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili.” Wanakwaya walizitazama zile noti kama mtu anavyotazama safu ya siafu, kwa heshima lakini bila nia ya kusogea. Joto likizidi walijipepea nazo. Miezi mitano walikuwa kwenye wimbo mmoja, na walikuwa hawajaumaliza.

Aliyeteseka zaidi ni Kinyozi wa kona ya pili, mtu wa besi. Sauti yake ilikuwa nene na nzuri, ila haikuwa na breki. Ilianza na wenzake, ikashuka taratibu, ikaenda zake. Mwalimu alimwomba, mara mbili, awe anafungua tu mdomo.

Wakati wa mapumziko Dobi alimvuta kwenye korido.

“Mama yako alikuwa akikubembeleza kwa wimbo gani?”

“Mama, mimi nina miaka arobaini na sita.”

“Sikukuuliza umri.”

Kinyozi aliangalia huku na huku, akauimba kwa aibu, chini chini. Haukuyumba hata kidogo.

“Ehee,” Dobi alisema. “Kumbe breki zipo. Sasa ile sauti ya mwisho, pale unapolala, ishike hapo hapo. Usiiachie. Haya, tia maneno ya mwalimu juu yake.”

Baada ya Jumamosi tatu Kinyozi aliimba sawa mwanzo hadi mwisho. Wenzake wakaanza kumfuata Dobi koridoni, kwanza wawili, kisha sita. Kila mmoja alitakiwa alete wimbo wa kwao, wa kuchezea, wa kutwangia, wa kumtania mbuzi, wowote ule, na Dobi akautumia kumvusha mahali alipokwama. Mwenyekiti alipoona ukumbi umebaki na watu wanane, alisimama.

“Ndugu zangu, sisi ni kwaya yenye hadhi. Mambo ya nyimbo za jikoni yabaki jikoni. Kuanzia leo, kelele za korido marufuku.”

Dobi alinyamaza. Alikuwa na uzoefu mrefu wa kunyamaza mbele ya mtu huyo.

Mwezi uliofuata Mwalimu alikwenda semina ya wiki nzima kwenye taasisi ya muziki. Aliporudi macho yalikuwa yanawaka. Alifunga kinanda kwa ufunguo, akakusanya karatasi zote, akasimama mikono mitupu mbele yao.

“Jamani, tumekuwa tukianzia mwisho. Kuna njia mpya kabisa. Tunaimba kwanza, kusoma baadaye. Tunaanza na nyimbo za watu wenyewe, zile walizolelewa nazo. Humo ndimo mwimbaji anamopata sauti zake, moja moja.” Kisha akamgeukia Dobi, akapunguza mwendo wa maneno, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa umri. “Mama, umenielewa? Wimbo wa nyumbani, ndio msingi.”

“Ala!” Dobi alisema. “Kumbe.”

Kinyozi alikohoa. Mwenyekiti alipiga makofi kuliko wote. “Hii sasa ndiyo elimu!” alisema. “Siku zote nilihisi kuna kitu kinakosekana.”

Lakini haki yake Mwalimu lazima apewe. Alikuja na kitu ambacho Dobi hakuwa nacho, nacho ni ishara za mikono. *Do* ni ngumi usawa wa kiuno, *mi* ni kiganja kilicholala, *so* ni kiganja kinachokutazama kifuani, *la* ni mkono ulioning’inia kama nguo iliyotundikwa. Sauti zilezile Dobi alizokuwa akizishika kwa hisia tangu utoto, kumbe kila moja ilikuwa na jina na mahali pake hewani. Ilikuwa kama kuambiwa jina la jirani ambaye mmesalimiana miaka thelathini bila kuulizana. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea na kuonyesha mikono barabarani, watu wakimpisha. Kwa wiki mbili alimfundisha fundi saa mezani, ambaye hakuweza kutofautisha *do* na mlango unaofungwa, na wiki ya tatu Mwalimu mwenyewe, akiwa na wasiwasi na *la*, alikuwa akimtazama Dobi.

“Mama,” alisema, “taasisi inatoa cheti cha mwimbishaji msaidizi. Kuna mtihani mdogo tu, wa kuimba. Jaribu.”

Dobi alicheka, akasema ana miaka sitini na mbili. Lakini usiku ule alilala akilifikiria neno lile, cheti. Aliacha shule darasa la saba. Karatasi pekee zenye jina lake zilikuwa za mshahara na za kliniki. Asubuhi alimwambia mumewe atajaribu.

Taasisi ilituma kitabu cha nyimbo. Mwalimu alikileta ukumbini, akakifungua kwenye wimbo wa saba, ambao ndio ulikuwa wa mtihani mwaka huo.

“Huu ni mzuri sana,” alisema. “Sikilizeni maelezo. ‘Wimbo wa wafugaji wa kale. Wanaume wawili wanamkamata fahali kwa pembe, kila mmoja akivuta upande wake, kisha wanaikunja shingo yake mpaka alale. Bwana Mkubwa ni mtemi anayekuja kutazama ushujaa wao. Mtunzi hajulikani. Huenda una umri wa karne tatu.’” Akaimba: “*Shika pembe, nami nishike...*”

Dobi alishika kiti cha mbele yake.

Alifungua mdomo aseme. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, kifua mbele, akiitikia kwa sauti kubwa, “*Bwana Mkubwa anakuja!*” huku machozi yakimlenga. “Mnasikia heshima hiyo?” alisema. “Siku hizi nani anamwimbia kiongozi wake hivi?” Dobi alifunga mdomo. Angeanzia wapi? Aseme mtemi ni yeye, na kwamba fahali alikuwa shuka la wodi namba nne? Tena, alijiambia, kuna ubaya gani? Mtihani ni wimbo wake mwenyewe. Atapita humo kama anavyopita jikoni kwake taa ikizimika.

Mtahini alikuwa mama mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani. Aliketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe, akamwambia Dobi aanze. Dobi aliimba kama alivyoimba miaka ile yote. Kwenye *geuza* sauti ilipanda, maana hapo ndipo mikono inapoinuka shuka lipinduke. Baada ya *kunja* ya mwisho alingoja kidogo, maana hapo ndipo mnaposogeleana. Mtahini aliandika, akabadilisha miwani, akaandika tena.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Fundi saa aliisoma kwa sauti, kwa kuwa mkewe alikuwa na sabuni mikononi.

“‘Alama arobaini na moja kwa mia. Hakufaulu. Sauti nzuri. Hata hivyo, mtahiniwa anapandisha sauti pasipotakiwa, anaweka kimya kisichokuwemo, na kwa jumla hajaielewa asili ya wimbo. Anashauriwa awatafute wazee wanaoujua.’”

Walitazamana. Dobi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka sabuni ikakauka mikononi, na mumewe akacheka naye. Kisha fundi saa akaona kwamba mkewe hacheki tena, bali amegeuza uso ukutani, na mabega yanaendelea.

“Karne tatu,” alisema mumewe taratibu. “Umejitunza vizuri, mke wangu.”

“Niache,” alisema Dobi. Baadaye kidogo akasema, “Jumamosi nitasema.”

“Na Mwenyekiti?”

“Mwenyekiti atajijua.”

Jumamosi ilipofika Mwalimu alikuwa mnyonge kuliko aliyefeli. Alianza kumpa pole mbele ya wote, Dobi akamkatiza.

“Mwalimu, mwanangu, huo wimbo si wa wafugaji. Ni wangu. Ni wa kukunjia mashuka.”

Ukumbi mzima ulimtazama kwa huruma.

“Mama,” alisema Mwalimu kwa upole, “kufeli kunauma, najua.”

“Nyimbo za asili hazina mwenyewe,” alisema Mwenyekiti. “Ni za mababu.”

Dobi hakubishana. Alikwenda kwenye meza ya mbele, akaondoa kalamu, daftari na bilauri ya maji, akavuta kile kitambaa cheupe. Hakikuwa shuka, lakini kilitosha.

“Bwana, nisaidie. Shika pembe.”

Mwenyekiti alikuwa amesimamia ukunjaji wa mashuka kwa miaka kumi na tisa na hakuwahi kukunja hata moja. Alizishika zile pembe mbili kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Dobi akarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka, akaanza. *Shika pembe, nami nishike*, na wote wawili walikuwa wameshika. *Vuta kwako, nivute kwangu*, na kitambaa kikakaza, tap! *Kunja, kunja*, mikono ikakutana. *Geuza*, na sauti ikapanda, mikono ikapanda nayo, kitambaa kikapinduka hewani bila kugusa sakafu. *Kunja*, halafu kile kimya, hatua mbili za kusogeleana, na wakawa uso kwa uso, kitambaa kimekuwa kidogo kati yao kama kitabu. *Bwana Mkubwa anakuja.*

Mwalimu alikuwa ameinua mkono bila kujua, ameuacha kwenye *la*.

“Pembe,” alisema hatimaye, kama mtu anayejisemea. “Pembe za shuka.” Akakaa. “Jamani, fahali tulimtoa wapi?”

Hapo Kinyozi, ambaye kazi yake imemzoesha kuuliza watu maswali huku ameshika wembe, akauliza swali ambalo Dobi alilitegemea na kuliogopa. “Sasa Bwana Mkubwa ni nani?”

Dobi alikuwa bado ameshika kitambaa, na upande wa pili, nusu hatua kutoka puani mwake, alikuwa Mwenyekiti. Aliziona nywele zake nyeupe za masikioni. Aliona jinsi shingo ilivyokuwa imepungua ndani ya kola.

“Ni wewe, bwana,” alisema. “Tulikuwa tunakuita hivyo.”

Uso wa Mwenyekiti ulifanya mambo kadhaa kwa zamu.

“Mimi?”

“Wewe.”

“Mliniimba?” Alikitazama kitambaa mikononi mwake. “Kila siku? Miaka yote ile?”

“Kila shuka, bwana.”

Aliachia kitambaa, akatafuta kiti, akakaa. “Na mimi nikidhani hakuna aliyenikumbuka kule,” alisema. “Siku naondoka walinipa saa ya ukutani, na haikufanya kazi.”

“Kuna ubeti wa pili?” aliuliza Kinyozi.

Waliofanya naye kazi wangeshangaa, maana Dobi alikuwa mtu wa kukumbuka idadi ya foronya za mwezi uliopita. “Ulikuwepo,” alisema. “Nimeusahau.”

Usidhani Mwenyekiti aliyaacha hapo. Jumatatu aliiandikia taasisi barua ya kurasa nne, kwa kalamu zote tatu, akitaka kitabu kisahihishwe: wimbo wa saba haukuhusu mtemi, ulimhusu yeye, na ulitungwa na wafanyakazi kwa kumpenda. Jina la Dobi lilikuwemo pia, ukurasa wa tatu, kuelekea chini. Taasisi ilijibu kwa adabu kubwa. Ilisema imefurahishwa na simulizi hiyo, na katika toleo lijalo itaongeza maneno haya: ‘Inadaiwa kwamba wimbo huu wa wafugaji uliwahi kuimbwa pia na madobi.’ Kuhusu alama, matokeo hayabadilishwi. Mtahiniwa anaruhusiwa kurudia mwaka unaofuata, kwa wimbo uleule.

Mwalimu alikasirika kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu mpole. Alitaka kwaya nzima isusie. Dobi ndiye aliyemtuliza.

“Cheti nakitaka,” alisema. “Nifundishe wanavyotaka wao.”

Ikawa kazi ngumu. Mwaka mzima, kila Jumamosi, nusu saa ya kwanza ya mazoezi ilikuwa ya Dobi, akiimbisha kwa njia yake, waziwazi, ukumbini, na kwaya ilijifunza nyimbo kumi na moja. Baada ya hapo Mwalimu alibaki naye pembeni kumfundisha wimbo wake.

“Mama, hapo *geuza* umepandisha tena.”

“Mkono unanipandisha.”

“Ufunge mkono. Na hicho kimya bado kipo. Hapana, hapana, sasa unaimba sawasawa kabisa. Kosea kidogo, mama, tafadhali.”

Siku ya mtihani aliweka mikono nyuma, akamfikiria fahali, akaimba wimbo wote bila kuliacha kosa hata moja lililotakiwa. Yule mama wa miwani miwili aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa themanini na tatu.

Cheti kilifika ndani ya bahasha ngumu. Binti yake alikuja kukipiga picha, majirani wakaja kukitazama, na Mwenyekiti akaja kuuliza kama kuna mahali kimetaja Bwana Mkubwa. Hakikutaja. Fundi saa alikiangalia kwa lenzi, akasema jina la mkewe limekosewa herufi moja, na kesho yake atakwenda mwenyewe kulisahihisha.

“Liache,” alisema Dobi. “Ukikirudisha watanitahini tena.”

Wakakitundika juu ya meza ya saa, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na msumari.